Safu ya Maelezo

Wenzake kazini walimwita Fundi Taratibu, na jina hilo hawakuliokota njiani. Ungemwendea mbio kumwambia kompyuta yako imegoma, yeye angevua miwani kwanza, akaipangusa kwa upindo wa shati, ndipo akakuambia, "Taratibu. Tujue kwanza inaumwa nini." Alikuwa mtu mrefu, miaka hamsini kasoro miwili, mabega yameanza kuinama kwa sababu ya mlango wa chumba chake cha kazi. Chumba hicho kilikuwa chini ya ngazi, mahali palipokuwa stoo ya mifagio na ndoo kabla seva, zile kompyuta kubwa za kutunzia data, hazijaletwa. Ndani mlikuwa na baridi ya mashine ya kupoza hewa, na mvumo usiokoma, kama wa mzinga wa nyuki. Humo alivaa sweta mwaka mzima. Kebo zake alizifunga kwa vipande vya vitambaa, masalia ya cherehani ya mkewe: vyekundu kwa kebo za mtandao, vya buluu kwa za umeme, na vya maua kwa zile ambazo hakuna aliyejua zinakwenda wapi, wala aliyethubutu kuzichomoa.

Jengo lenyewe lilikuwa hifadhi ya vipimo vya mvua. Kwa miaka sabini, katika vituo vilivyotawanyika milimani na mabondeni, kulikuwa na mtu aliyeamka kila asubuhi, akamimina maji ya jana kutoka kwenye kopo la kupimia, akasoma kiasi, akaandika namba kwenye fomu. Fomu hizo zote zilipigwa picha, namba zikaingizwa kwenye kompyuta, na yeyote aliyezihitaji, awe mhandisi wa madaraja, mshauri wa wakulima au mwanafunzi, aliweza kuzifungua akiwa kokote.

Programu zilizoendesha shughuli hiyo ziliishi ndani ya makontena. Si yale ya chuma ya kubebea mizigo, haya hayashikiki. Unaichukua programu, unaifungia pamoja na mahitaji yake yote kama mtu anayepanga sanduku la safari, kisha unaiwasha ndani ya seva, nayo inafanya kazi ikidhani iko peke yake duniani. Kontena likiharibika au likizeeka, unalitupa na kuwasha jipya. Ndiyo maana watu wa kazi hiyo wana sheria moja, ambayo Fundi mwenyewe alikuwa ameiandika kwa kalamu nene nyuma ya mlango wake: KONTENA NI LA KUTUPA, DATA NI YA KUTUNZA. Yaani, chochote unachotaka kibaki, kiweke nje, kwenye diski ya hifadhi. Kilichomo ndani ya kontena hufa nalo.

Miaka minne kabla ya haya ninayoyasimulia, baba mkwe wake alifariki, na mama mkwe akahamia kwao, chumba cha nyuma. Mama huyo alikuwa amestaafu kazi ya kusimamia wasomaji wa vipimo. Miaka thelathini na mmoja alizunguka vituoni kukagua makopo na fomu. Sasa alikaa ukingoni mwa kitanda asubuhi mpaka jioni, mikono mapajani.

"Mama atakufa," mkewe Fundi alimwambia, "na hatakufa kwa ugonjwa. Atakufa kwa kukaa. Mtafutie kitu."

Akamtafutia. Mama mkwe alikuwa amemweleza siku moja kwamba namba za mvua zikiachwa peke yake husema uongo. Sifuri inaweza kuwa jua. Inaweza pia kuwa kopo lililotoboka, au msomaji aliyekwenda mazishini, akarudi baada ya wiki, akajaza siku zote kwa kukisia. Yeye alijua ipi ni ipi, kwa kuwa alikuwa ameyaandika yote katika madaftari yake kumi na moja. Basi alasiri moja Fundi akatunga programu ndogo iliyoongeza safu upande wa kulia wa kila ukurasa, akaipa jina Maelezo, akaifungia katika kontena lake. Ilikuwa ya majaribio tu, kuona kama mama ataipenda. Hakuiunganisha na diski ya hifadhi. Maandishi yalibaki humo humo ndani ya kontena. "Wiki ijayo nitaiweka sawa," alijisemea.

Wiki ijayo ilikuja, ikapita kama zinavyopita. Na kwa kuwa kontena lile lilizimwa na kuwashwa tu bila kutupwa, maandishi hayakupotea, naye akasahau kabisa. Mganga hajigangi.

Kila Jumanne na Alhamisi walikwenda pamoja kwa miguu. Presha ya macho ilikuwa imeanza kumla mama uwezo wa kuona, lakini Fundi hakuweza kumshika mkwewe mkono na kumkokota njiani kama mtoto. Alimpa ncha ya mwavuli. Yeye akashika mpini, mama akashika ncha, wakaenda hivyo, hatua moja kati yao. Ofisini alimketisha katika chumba chenye dirisha kilichopakana na chake, na maandishi kwenye kioo aliyakuza mwaka hata mwaka, mpaka neno "kopo" likawa linajaza nusu ya kioo. Mama aliandika kwa kidole kimoja. Siku ambayo madaftari yote kumi na moja yalikuwa yamekwisha kuingizwa, alimuuliza, "Haya makaratasi yananijazia chumba, mwanangu. Niyaweke au niyatupe?"

Fundi alikuwa amesimama, kikombe cha chai mkononi. "Ukishaandika humu, Mama, ni salama kuliko karatasi."

Akayatupa.

Mwaka huo hifadhi ikawa nzito. Ukurasa mmoja ulichukua sekunde arobaini kufunguka, wakati mwingine haukufunguka kabisa.

"Wahandisi wamepiga simu tena," alisema mpokezi, mwanamke asiyekosa la kusema. "Wanauliza kama tunaisubiri mvua yenyewe inyeshe upya ndipo tuwatumie."

"Waambie taratibu."

"Nimewaambia. Wamesema taratibu yenyewe imeota mizizi."

Mkurugenzi, yeye, hakutania. Alimwita ofisini, akamwonyesha kiti, naye akabaki amesimama. "Fundi, baada ya wiki tatu wahandisi wanaanza hesabu za madaraja mapya. Watafungua maelfu ya kurasa. Nataka ukurasa ufunguke kabla mtu hajapepesa jicho. Ikishindikana, nitawapa watu wa nje waendeshe hifadhi hii, na mimi na wewe tutabaki kufuta vumbi."

Kwa wiki tatu Fundi alifanya kazi kama hakuwahi kufanya maishani. Hakugusa kitu kabla ya kupima. Alifungua daftari, akaandika kila hatua ya safari ya ukurasa mmoja, tangu unapoombwa mpaka unapomfikia mwombaji, na kila hatua inakula muda gani. Chanzo cha kwanza alikikuta kwenye mtandao: seva ilikuwa ikituma kwa kasi, swichi, kifaa cha kugawa mtandao, ikipokea kwa ile kasi ya zamani, zimeshindwa kuelewana tangu siku kebo ilipokanyagwa na mguu wa kabati. Akabadilisha kebo, akazipatanisha. Sekunde arobaini zikawa ishirini na mbili. Kisha akagundua kwamba kontena la kupunguza ukubwa wa picha lilikuwa likijimegea karibu kumbukumbu yote ya mashine, mengine yakibaki yanahema. Akaliwekea mpaka. Zikawa kumi na tatu. Kurasa zilizoombwa mara kwa mara zilikuwa zikisomwa upya kila mara kutoka diski kuukuu zinazozunguka. Akapanga kuzitengea ghala dogo kwenye diski ya kasi, ili ya jana isitafutwe tena leo.

Kwa ghala hilo alihitaji nafasi. Na nafasi ilikuwa imejaa makontena ya miaka minne, mazito, yamevimba kwa takataka zao wenyewe. Jumapili alasiri, hifadhi imefungwa, jengo kimya, aliketi katika sweta lake akaamuru makontena yote ya zamani yafutwe, mabaki yao yafagiliwe, na mapya yawashwe. Ilikuwa amri ya mistari miwili. Ile nafasi iliyoachwa wazi akaikabidhi kwa ghala jipya, nalo usiku kucha likajijaza kurasa.

Jumatatu asubuhi ukurasa ulifunguka kwa sekunde mbili kasoro.

Mpokezi alikuja mwenyewe mpaka mlango wa chini ya ngazi. "Fundi Taratibu amekufa," alitangaza. "Poleni wafiwa. Aliyezaliwa leo tumwiteje?" Mkurugenzi alichapisha mchoro wa kasi mpya, mstari unaoporomoka kutoka arobaini hadi mbili, akaubandika ukutani kwa mkono wake. Watu walimpa Fundi mkono. Mtu mzima alitabasamu mpaka akaona haya.

Saa nne akafungua ukurasa wowote tu, kwa raha ya kuutazama ukifunguka. Ulifunguka. Namba zilikuwapo, picha ya fomu ilikuwapo. Upande wa kulia, safu ya Maelezo ilikuwa nyeupe.

Akafungua mwingine, mweupe. Akafungua wa mwaka mwingine, wa kituo kingine. Kila mmoja ulifunguka upesi, kila mmoja mweupe. Alijua kabla ya kutafuta. Alitafuta vilevile. Nakala rudufu za kila siku zilinakili diski ya hifadhi. Makontena hazikuyagusa, maana nani ananakili kitu cha kutupa? Akajaribu kufukua kwenye diski, mahali kontena lilipokuwa limelala. Pale palikuwa pamekaliwa na ghala jipya, kurasa juu ya kurasa, zinazofunguka kwa sekunde mbili. Mpaka saa kumi alikuwa amefukua neno moja zima, "mazishini", na vipande visivyosomeka.

Alipanda kwa mkurugenzi.

"Namba zenyewe zipo?" mkurugenzi aliuliza.

"Zipo."

"Na picha?"

"Zipo. Lakini maelezo ndiyo yanayosema namba ipi..."

"Fundi." Sauti yake haikuwa mbaya. "Hayo maelezo hayakuwa hata kwenye orodha ya mali za hifadhi. Yalikuwa ya mama yenu. Tushukuru kilichobaki."

Nyumbani, mkewe alikuwa akishona pindo. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaondoa mguu kwenye cherehani, chumba kikanyamaza.

"Umwambie wewe," alisema.

"Wewe ni mwanawe."

"Ndiyo maana. Mimi nikimwambia atakusamehe kwa ajili yangu. Mwambie wewe, akusamehe au asikusamehe mwenyewe." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Na madaftari ulimwambia ayatupe. Nilikuwapo."

Hakulala. Asubuhi ya Jumanne walitoka kama kawaida, yeye ameshika mpini, mama ncha.

"Leo mwavuli unatetemeka," mama mkwe alisema. "Ni wewe au ni mimi?"

"Ni mimi, Mama."

"Kuna mgonjwa?"

"Hapana." Alipiga moyo konde. "Mama, yale maelezo yamepotea. Yote. Nimeyafuta kwa mkono wangu."

Mama alisimama. Mtu mmoja mwenye baiskeli aliwapita, akawalaani kwa kuziba njia.

"Yote ni mangapi?"

"Elfu tatu, mia nane na kumi na sita."

"Sikujua ulikuwa ukiyahesabu."

"Mashine ndiyo iliyokuwa ikihesabu."

"Kuhesabu inajua, kutunza haijui?"

"Inajua, Mama. Mimi niliyaweka mahali pasipofaa, nikasahau."

Ncha ya mwavuli ilikuwa bado mkononi mwake. Hakuiachia, na hilo Fundi alilikumbuka baadaye mara nyingi. Mwishowe alisema, "Na sasa inafunguka upesi?"

"Sekunde mbili."

"Haya. Tukaone huo upesi. Au unataka nirudi nikakae?"

Wakaanza upya. Safari hii Fundi aliiunganisha safu na diski ya hifadhi kabla ya herufi ya kwanza, akaiwekea nakala tatu. Mama hakuweza tena kusoma hata neno lililojaza kioo, kwa hiyo Fundi alisoma, mama akajibu, Fundi akaandika. Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri kuliko alivyotarajia. Mama alikumbuka mafuriko yaliyobeba kopo na mlingoti wake. Alikumbuka msomaji aliyekuwa akipima kwa kijiko baada ya mtoto kuvunja gilasi ya kupimia. "Na huyo wa mlimani," alisema akicheka, "alikuwa akiandika milimita ishirini kila akigombana na mkewe. Mwezi wa nne mwaka ule, aisee, waligombana!" Fundi aliandika, na chini ya kila ingizo akaweka: kwa kumbukumbu ya msimamizi. Walifikisha mia mbili na kidogo.

Kisha kukawa na ukimya kabla ya majibu. Kisha ukimya ukapungua tena, na Fundi akafurahi.

Alhamisi moja alikosea kusoma mwaka. Mstari wa juu ulimchanganya, akasema, "Kituo cha bondeni, mwezi wa tisa," akautaja mwaka ambao haukuwapo kwenye fomu.

"Kopo lilitoboka," mama alijibu papo hapo. "Tundu nililiona kwa macho yangu, dogo kama la sindano."

Fundi akaandika. Ndipo akaliona kosa lake: mwaka ule aliousoma, kituo cha bondeni kilikuwa hakijajengwa. Hakusema kitu. Mama alipokwenda kupumzika kwa mpokezi, alirudi nyuma katika maingizo ya wiki tano, akahesabu. Makopo yaliyotoboka yalikuwa ishirini na matatu. Matundu yote yalikuwa madogo kama ya sindano.

Hakukasirika. Alikaa tu, mikono mapajani, na alipojitazama alivyokaa akaitoa haraka. Alifikiri juu ya mhandisi mahali fulani, anayesoma safu ile na kuiamini, kwa kuwa imeandikwa na mtu aliyekuwapo. Alifikiri pia juu ya ukingo wa kitanda katika chumba cha nyuma. Mambo hayo mawili hayakutaka kukaa pamoja kichwani mwake, na kutoka Alhamisi mpaka Jumanne alitembea nayo kama mtu aliyebeba ndoo mbili zisizolingana.

Jumanne alisoma, "Kituo cha bondeni. Mwezi wa nne. Kuanzia tarehe kumi na moja, sifuri tisa mfululizo." Mwaka aliusoma mara mbili, kwa hakika. Ulikuwa mwaka wa masika makubwa. Makopo ya vituo vyote vya jirani yalikuwa yamejaa maji.

"Kopo lilitoboka," mama alisema.

Seva zilivuma nyuma ya ukuta. Vidole vya Fundi vilikuwa juu ya vibonye, havikushuka.

"Sijasikia ukiandika," mama alisema.

"Mama, wiki iliyopita nilikosea. Nilikusomea mwaka ambao kituo hicho kilikuwa hakijajengwa."

Mama aligeuza uso kuelekea dirishani, kwenye mwanga, ambao ndio pekee aliouona bado.

"Nikasema nini?"

"Ukasema kopo lilitoboka."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ileile."

"Ukaninyamazia."

"Nilinyamaza."

"Niliona," mama alisema, akatulia, akaanza tena. "Nilifikiri nikisema sikumbuki mara nyingi, utaacha kunileta. Na nikafikiri kila nikikujibu, unahema vizuri. Nilikuwa nakusikia ukihema." Alipapasa meza mpaka akaupata mwavuli uliolala hapo, akauweka sawa bila sababu. "Nikiacha wazi hapo, watu wa madaraja watadhani nini?"

"Watadhani lilikuwa jua."

"Siku tisa za jua katika masika yale." Alitikisa kichwa. "Basi usiache wazi. Andika: sifuri hizi zina sababu yake. Msimamizi aliijua. Haikumbuki."

Fundi aliandika neno kwa neno, na mama akasikiliza vibonye mpaka kimoja cha mwisho. Ukurasa ukahifadhiwa kabla hajainua kidole.

"Makopo ya matundu ni mangapi?" mama aliuliza.

"Ishirini na matatu."

"Yapo ambayo ni kweli. Kutoboka yalikuwa yakitoboka, Mungu anajua." Alijisogeza kitini. "Tuanze la kwanza."

Fundi akalifungua. Akamsomea kituo, mwezi, mwaka na namba zake, polepole, kama alivyofanya kila kitu kabla ya wiki zile tatu. Mama alifumba macho. Ukurasa ulikuwa umefunguka kwa sekunde mbili kasoro, na sasa ulikuwa ukimsubiri.

"Hilo," mama alisema baada ya muda mrefu, "nirudie tena."